Nani Anaiamsha? Kuisaka Programu Isiyojulikana Inayoilemea Kompyuta Kuukuu

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi nyote mliokuja na kompyuta zenu kuukuu begani: shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie lalamiko ambalo kila fundi amelisikia: "Nikiwasha kompyuta yangu inachukua muda mrefu mno, halafu ndani kuna kitu kinakimbia, sikijui." Lalamiko hilo limebeba mambo mawili, na wengi wetu huyachanganya. La kwanza ni uzito. La pili ni ugeni. Mtu anafungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloorodhesha kila kinachokimbia, anaona jina asilolielewa, na hapo hapo anamtwisha huyo mgeni mzigo wote. Anabonyeza End task, anaona nafuu ya muda mfupi au haoni kabisa, na kesho yake asubuhi mgeni yupo pale pale.

Yupo kwa sababu kuna aliyemwamsha. Hakuna programu inayojiwasha yenyewe. Kila kinachokimbia ndani ya kompyuta kimeanzishwa na kitu kingine, na amri ya kukianzisha imeandikwa mahali fulani ndani ya diski. Hilo ndilo jambo nililokuja kuwaomba mwondoke nalo: acheni kuhangaika na jina, tafuteni nani anaiamsha na amri yake imeandikwa wapi. Jina anaweza kujipa yeyote. Njia aliyopitia haifichiki kirahisi hivyo.

Kabla hatujaingia huko, lazima tuelewe kwa nini mashine ya zamani ndiyo inayoumia zaidi, maana mashine mpya huendesha takataka hizo hizo na mwenyewe asigundue. Kompyuta nyingi kuukuu bado zina diski ya sahani, ile inayozunguka. Kwenye kompyuta mpakato, diski hiyo kwa kawaida huzunguka mara 5400 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60 mpate mizunguko 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unakula milisekunde 11 hivi. Kichwa cha kusomea hakina budi kusogea kwanza hadi kwenye mstari unaotakiwa, kisha kingoje kipande husika kipite chini yake, na kungoja huko kwa wastani ni nusu ya mzunguko. Jumlisheni kusogea na kungoja, mtaona kwamba diski ya aina hiyo ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huku, inahudumia maombi sitini, sabini, labda mia kwa sekunde, basi. SSD ya kawaida, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, huhudumia makumi ya maelfu.

Sasa fikirieni ile dakika ya kwanza baada ya kuandika nywila. Antivairasi inataka kusoma hifadhidata yake. Windows inatafuta masasisho. Kivinjari kinajiandaa kabla hata hakijaitwa. Programu ya printa inauliza kama wino upo. Zana ya kuoanisha simu inangoja simu ambayo haijachomekwa tangu ilipobadilishwa. Ni karani mmoja anayeitwa na watu thelathini kwa mpigo, kila mmoja akitaka jalada la kabati tofauti, na karani analazimika kwenda na kurudi kwa kila mmoja. Ndiyo maana unaona prosesa (CPU) imetulia kwenye asilimia 10 huku diski imegota kwenye 100, na kishale kinazunguka tu. Mtu anayetazama safu ya CPU peke yake atasema kompyuta haina kazi. Tazameni safu ya Disk. Kwenye mashine kuukuu, kesi nyingi zinaanzia pale.

Na mtazame pia kumbukumbu. Mashine yenye GB 4 za RAM ikishajaa, Windows huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski ile ile iliyokwisha kuchoka. Hapo programu moja nzito inazichelewesha zote, hata zile ambazo hazina kosa lolote.

Haya, tupime. Nawasihi sana msiruke hatua hii, kwa sababu fundi asiyepima hana njia ya kujua kama ametengeneza au amebahatisha. Na katika kupima kuna mtego mmoja. Tangu Windows 8, ukichagua Shut down, kompyuta nyingi hazizimiki kabisa. Mfumo huhifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha ukiwasha tena. Utaratibu huo unaitwa Fast Startup. Ukichagua Restart ndipo kila kitu huanza upya. Kwa hiyo mtu akipima leo baada ya Shut down na kesho baada ya Restart, analinganisha vitu viwili tofauti. Chagueni Restart kila mara mnapopima.

Saa ya mkononi inatosha, ila Windows yenyewe ina daftari lake, na watu wachache sana wanalifungua. Ingieni Event Viewer, shukeni Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, kisha Operational. Tafuteni tukio namba 100. Ndani yake kuna muda wa kuwaka kwa milisekunde, tena umegawanywa mara mbili: MainPathBootTime, yaani hadi eneo la kazi linapotokea, na BootPostBootTime, yaani kutoka hapo hadi mashine inapotulia. Mgawanyo huo ni msaada mkubwa. Kipande cha kwanza kikiwa kirefu, shukuni kwanza draiva, yaani programu zinazouunganisha mfumo na vifaa, na huduma za mfumo, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia bila dirisha. Kikiwa kirefu cha pili, waliochelewesha ni wale wanaoamka baada ya wewe kuingia. Wakati mwingine mfumo hukutajia mtuhumiwa kabisa: tukio 101 ni programu iliyochukua muda kuliko kawaida yake, 102 ni draiva, 103 ni huduma. Nakilini namba hizo kabla ya kugusa kitu chochote.

Nimesema jina linaweza kudanganya. Mfano unaowasumbua wengi ni svchost.exe. Mtu anaufungua mfumo wake, anakuta svchost zimejipanga makumi kwa makumi, anahitimisha kwamba kompyuta imeingiliwa. Hapana. Svchost ni mwenyeji wa huduma za Windows, kazi yake ni kuzibeba. Kuanzia Windows 10 toleo 1703, lile la mwaka 2017, mashine yenye kumbukumbu inayozidi GB 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake, ili ikianguka moja zisianguke zote. Kwa hiyo wingi wake ni hali ya kawaida. Lisilo la kawaida ni svchost inayokimbia kutoka folda isiyo ya System32, au ambayo mzazi wake, yaani programu iliyoianzisha, si services.exe, au ambayo herufi zake zimepinduliwa kidogo ikawa scvhost. Angalieni: katika dalili hizo tatu, mbili hazihusiani na jina hata kidogo. Zinahusu mahali inapokaa na aliyeizaa.

Niwape kesi moja kwa ukaribu, kwa sababu ndani yake wageni walikuwa wawili, na aliyetuhumiwa alikuwa hana hatia.

Ilikuwa kompyuta mpakato ya zamani, diski ya sahani, RAM GB 4, Windows 10. Mwenyewe alikuwa mwalimu, anaitegemea kwa kazi zake zote. Ukiiwasha, eneo la kazi linatokea bila shida, kisha unakaa. Unabonyeza folda, haifunguki. Unafungua kivinjari, dirisha linakuja jeupe. Alikuwa ameingia kwenye kichupo cha Startup ndani ya Task Manager akakuta mstari umeandikwa neno moja tu, "Program". Haina picha, haina mchapishaji, ukibonyeza kutafuta faili lake hakifunguki kitu. Akaamini kabisa kwamba ni virusi. Kusema kweli, namwelewa. Kitu kisicho na jina, kisicho na mwenyewe, kinachoamka pamoja na mashine, kinatisha.

Katika kichupo hicho, bonyezeni kulia kwenye vichwa vya safu, kuna orodha. Wekeni tiki kwenye Command line. Safu mpya inatokea na inaonyesha amri yenyewe jinsi ilivyoandikwa. Hapo tuliona njia inayoanza na C:\Program Files, ikiendelea hadi kwenye folda ya zana ya printa ambayo mwalimu alishaiondoa zamani. Njia ile haikufungwa kwa alama za kunukuu. Windows inapokutana na njia yenye nafasi katikati na isiyofungwa, na faili lenyewe halipo tena, huishia kwenye ile nafasi. Inasoma C:\Program, inadhani hilo ndilo jina, na inakuonyesha "Program". Yule jini wa mwalimu alikuwa kumbukumbu ya programu iliyokwisha kufa. Haisomi diski, haitumii kumbukumbu, haifanyi lolote. Tungeifuta tukaagana, kompyuta ingebaki nzito vile vile.

Kwa hiyo tukarudi kwenye uzito. Tulifungua Resource Monitor, kichupo cha Disk, mara tu baada ya kuingia. Uzuri wa chombo hiki ni kwamba hakikomei kukutajia nani anasoma diski. Kinakuonyesha na faili anazozisoma. Mistari ilikuwa inapita mbio: picha, picha, picha. Folda nzima ya picha za familia ya mwalimu ilikuwa inasomwa moja baada ya nyingine na mchakato, yaani programu inayokimbia, wenye jina la herufi chache tusizozijua. Kwenye kichupo cha Startup haukuwemo. Ndiyo maana mwenyewe hakuwahi kuuona.

Tukafungua Process Explorer, ambayo hupanga michakato kama ukoo, wazazi juu na watoto chini. Mzazi wa mchakato ule alikuwa svchost, na ukiisoma amri ya svchost ile unakuta neno Schedule mwishoni. Maana yake ni moja: kaamshwa na Task Scheduler, yaani ratiba ya kazi. Tukaingia kwenye ratiba, tukakuta kazi iliyowekwa ianze kila mtumiaji anapoingia. Ilikuwa mabaki ya programu ya kuhamisha picha kutoka simu. Mwalimu aliiondoa programu, lakini kiondoaji kiliacha nyuma chombo chake cha kuorodhesha picha na kazi yake kwenye ratiba. Folda ambayo orodha ilipaswa kuhifadhiwa ilikuwa imefutwa. Kwa hiyo kila asubuhi chombo kilianza orodha upya kutoka picha ya kwanza, kikashindwa kuihifadhi, na kesho yake kikaanza tena.

Tuliizima ile kazi, hatukufuta kitu. Tukafanya Restart. Kipande cha pili cha tukio namba 100 kilipungua mno, na mwalimu alifungua kivinjari chake mara tu eneo la kazi lilipotokea. Sikueleza kesi hii ili kuilaumu kampuni yoyote. Nimeieleza kwa sababu ya mfuatano wake: diski imeelemewa, nani anaisoma, anasoma nini, nani kamzaa, amri ya kumwamsha imeandikwa wapi. Jina la mchakato halikutusaidia hata mara moja katika njia hiyo yote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kilichokuwa kinamla mwalimu kilikuwa kwenye picha za watoto wake.

Sasa mtauliza, amri hizi huandikwa wapi? Mahali ni pengi kuliko watu wanavyodhani, na kichupo cha Startup hukuonyesha sehemu tu. Kuna folda ya Startup, ambayo mnaifikia kwa kuandika shell:startup kwenye dirisha la Run. Kuna vifungu vya Run na RunOnce kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhidata ya mipangilio yake, kimoja cha mtumiaji na kingine cha mashine nzima, na kwenye mfumo wa biti 64 kuna kingine cha pembeni kwa programu za biti 32, chini ya Wow6432Node. Kuna ratiba ya kazi, tumeiona. Kuna huduma. Kuna draiva. Kuna nyongeza zinazojibandika kwenye File Explorer, ambazo hazionekani kama mchakato kabisa kwa sababu zinakimbia ndani ya mwingine. Hizo za mwisho zinachosha akili, na ndizo zinazofanya kubonyeza kulia tu kwenye faili kuchukue sekunde nzima.

Kupita mahali pote hapo kwa mkono kunawezekana, ila kuna chombo cha bure kinachovikusanya vyote katika dirisha moja: Autoruns. Kimetoka kwa Sysinternals, kazi iliyoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2006. Process Explorer ni ya nyumba hiyo hiyo. Ukiifungua mara ya kwanza utaona mistari mamia, usiogope. Kwenye Options weka Hide Microsoft Entries, na kwenye Scan Options weka Verify Code Signatures. Orodha inapungua hadi kiasi ambacho binadamu anaweza kukisoma. Mistari ya njano ni ile ambayo faili lake halipo tena, kama "Program" ya mwalimu. Ya waridi ni ile ambayo haina saini ya mchapishaji iliyothibitika. Waridi si hukumu. Zana nyingi ndogo za watu waaminifu hazina saini. Ni pa kuangalia kwanza tu. Na kwenye Process Explorer, ukifungua Properties za mchakato, kichupo cha Image kina mstari unaoitwa Autostart Location. Mstari huo ndio jibu la swali letu, umeandikwa wazi, na bado naona mafundi wakiuruka.

Nataka niseme neno kuhusu Russinovich, kwa sababu mnamo tarehe 31 Oktoba 2005 alichapisha uchunguzi ambao kila anayejifunza kazi hii angepaswa kuujua. Alikuwa anajaribu chombo chake cha kutafuta programu zinazojificha, akakuta kwenye kompyuta yake mwenyewe faili, draiva na mchakato ambao mfumo haukuwa unamwonyesha. Kila kilichoanza na $sys$ kilifichwa. Alifuata nyayo hadi akafika kwenye CD ya muziki aliyoinunua, ya Sony BMG, iliyokuwa na programu ya kuzuia kunakili. Huduma yake ilijiita "Plug and Play Device Manager", jina ambalo yeyote angedhani ni la Windows. Kila baada ya sekunde mbili ilikuwa inakagua faili za programu zote zinazokimbia, hata kama hakuna muziki unaopigwa, na kula asilimia moja hadi mbili za prosesa wakati wote. Mwezi uliofuata Sony BMG ilirudisha CD hizo kutoka sokoni.

Kuna funzo la pili katika kisa hicho, na kwangu ndilo zito zaidi. Alipoiondoa kwa mkono, kiendeshi chake cha CD kilitoweka kwenye mfumo, kwa sababu draiva ile ilikuwa imejipachika kwenye njia ya kiendeshi. Mtu yule ni miongoni mwa wanaoijua Windows kuliko karibu wote duniani, na bado kufuta kulimletea kazi nyingine. Alijua jinsi ya kurudisha. Sisi wengine je?

Ndiyo maana nasema: zimeni, msifute. Kwenye Autoruns ondoeni tiki. Amri inahamishwa pembeni na inaweza kurudishwa kwa tiki ile ile. Kwenye ratiba chagueni Disable. Kwenye huduma, badilisheni aina ya kuanza, na mkumbuke kwamba kuna Automatic (Delayed Start), ambayo mara nyingi inatosha: huduma inabaki, ila inangoja wenzake wapite. Ukisha kaa na mashine siku kadhaa bila jambo kuharibika, ndipo uondoe programu nzima kwa njia yake rasmi.

Na kama hamjui nani kati ya wengi? Gaweni nusu kwa nusu. Fungueni msconfig, chombo cha Windows cha kupanga vinavyowaka, kwenye Services weka Hide all Microsoft services, zimeni nusu ya zilizobaki, fanyeni Restart, pimeni. Uzito ukiondoka, mhusika yumo kwenye nusu mliyoizima. Ukibaki, yumo kwenye nusu nyingine. Watuhumiwa 32 mnawamaliza kwa hatua tano. Fundi anayezima moja moja anaweza kufanya Restart siku nzima, na kwenye mashine nzito hiyo ni adhabu. Msipoona tofauti yoyote hata mkiingia kwa Safe Mode, ambako programu za wengine haziamshwi, basi acheni kabisa kutafuta programu.

Wa Linux nisiwasahau, ingawa kwao ni rahisi zaidi. Andikeni systemd-analyze blame, mtapata kila huduma na muda wake. Tahadhari moja: anayeonekana juu kabisa huenda anangoja tu. NetworkManager-wait-online hutajwa mara nyingi, na kazi yake ni kungoja mtandao uwe tayari, haichoshi mashine. Amri ya systemd-analyze critical-chain inaonyesha nani alimngoja nani, na hiyo ndiyo ya kuamini. Vinavyoamka baada ya kuingia vimo kwenye ~/.config/autostart. Kwa macOS, tazameni folda za LaunchAgents na LaunchDaemons ndani ya Library ya mashine, na LaunchAgents ndani ya Library ya mtumiaji. Kila faili la plist humo linaeleza wazi programu gani inaamshwa na kwa masharti gani.

Niseme sasa jambo ambalo wengine hawatalipenda. Msiweke programu za "kuongeza kasi". Nyingi ya hizo zenyewe huamka na mashine, huweka huduma yao, huweka kazi kwenye ratiba, na hukaa zikisoma diski kutafuta takataka. Umemleta mtu wa thelathini na moja kwa karani yule yule. Vilevile msiwe na antivairasi mbili. Kila faili linalofunguliwa na moja linakaguliwa na nyingine, na diski ya sahani haina nguvu za kubeba ugomvi huo. Msiizime hiyo moja iliyobaki, hata kama ndiyo inayoongoza kwa kusoma diski dakika ya kwanza.

Na kuna kesi ambazo mtuhumiwa ni mbaya kweli. Programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa siri hujificha vizuri. Baadhi yake husimama ukifungua Task Manager na kuendelea ukiifunga. Ukiona feni inavuma, kisha inanyamaza kila unapotazama, chukulia kwa uzito. Toa mashine kwenye mtandao, ikague kwa Microsoft Defender Offline ambayo hufanya kazi kabla Windows haijawaka, na ubadilishe nywila zako kutoka mashine nyingine.

Wakati mwingine hakuna mgeni kabisa. Diski yenyewe inakufa. Soma SMART, yaani taarifa za afya ambazo diski hujiwekea; namba ya sekta zilizohamishwa ikiwa inapanda, nakili data za mtu leo leo kabla ya kufanya lingine lolote. Nimeona watu wanazima programu moja baada ya nyingine kwenye diski inayokata roho, na kila Restart inaisogeza karibu na mwisho. Picha za watu zinapotea hivyo. Na kama diski ni nzima ila ni ya sahani, SSD itaifanyia mashine hiyo makubwa kuliko usafi wote niliouzungumza. Lakini fanyeni upelelezi kwanza, maana ukihamishia mfumo wote kwenye SSD bila kuusafisha, umehama na wageni wako wote.

Kuna aliyeuliza mwanzoni, kabla hatujaanza, na nikaahidi kumjibu: afanyeje kama amezima amri kwenye Run, na kila akiwasha inarudi? Swali zuri sana. Amri haiwezi kujiandika. Kama inarudi, kuna programu nyingine inayoirudisha, na mara nyingi ni huduma ya masasisho ya programu ile ile au kazi kwenye ratiba. Chukua Process Monitor, chombo kinachorekodi kila programu inachofanya kwenye faili na rejista; hiyo pia ni ya Sysinternals. Weka vichujio viwili: Operation iwe RegSetValue, na Path iwe na maneno CurrentVersion\Run. Izime ile amri, kisha acha Process Monitor ikingoja. Kama amri inarudi wakati wa kuwaka, kabla hujaweza kufungua dirisha lolote, nenda Options, chagua Enable Boot Logging, fanya Restart, kisha ifungue Process Monitor na uhifadhi rekodi iliyoikusanya. Hakikisha diski ina nafasi ya kutosha, maana faili hilo huwa kubwa. Utakuta mstari mmoja au miwili tu. Kwenye safu ya Process Name ameandikwa aliyeandika, na ukifungua Properties za mstari huo utapata njia ya faili lake. Anzia kwa huyo, mzime yeye kwanza, halafu ndipo uizime amri.